Dizeli ya zamani haina nguvu mlimani na haitoi moshi mweusi: nipime nini kwanza?

kilima_kigumu

Wakuu, naomba mwongozo wa kupima kabla sijaanza kununua vipuri kwa kubahatisha.

Gari ni la 1996, dizeli ya lita 2.5, silinda nne, turbo na intakula (kipoza hewa ya turbo), gia za mkono. Pampu ya dizeli ni ya mekaniki, ile ya mzunguko yenye paipu nne nyuma yake, haina kompyuta. Juu ya pampu kuna kofia ya duara yenye mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi. Filta ya dizeli na ya hewa ni mpya. Mkanda wa taimingi ni mpya pia na alama zimehakikiwa.

Asubuhi linawaka kwa mpigo mmoja. Tanki likiwa robo, muda mfupi baada ya kuwaka injini hutetemeka kidogo kisha inatulia. Tambarare bila mzigo linakwenda, ila likifika mizunguko 2,500 kwa dakika ni kama kuna mtu amelishika kwa nyuma. Mlimani gia ya nne haikubali kabisa, na ya tatu inafifia taratibu hata pedeli ikiwa chini. Mlima ukiwa mrefu hali inazidi, nikisimama kidogo nguvu inarudi kiasi. Tanki likijaa linakuwa afadhali.

Moshi mweusi hakuna hata nikikanyaga mpaka sakafuni. Halichemshi na halili oili.

Fundi mmoja anasema turbo imekufa, mwingine anataka pampu ishushwe ikafunguliwe. Nani yuko sahihi, au kuna kitu cha kupima kabla ya hapo?

---

spana_kumi

Kabla ya injini, hakikisha kwamba ni injini kweli. Gari zito linaweza kuwa na injini nzima.

Breki: endesha kilomita chache bila kugusa breki sana, liache lisimame lenyewe kwenye tambarare, kisha sogeza mkono karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, pistoni ya kaliper imekwama au kebo ya hendibreki haiachii. Liinue na uzungushe magurudumu kwa mkono, uone lipi linagoma.

Klachi: gia ya nne au ya tano, mizunguko kama 1,800, kanyaga mpaka chini. Sindano ya mizunguko ikiruka juu na kasi isipande, klachi inateleza. Wewe umesema inafifia badala ya kupanda, kwa hiyo sidhani ni klachi, lakini jaribio hili halina gharama.

Pedeli: mtu mmoja akanyage mpaka chini, injini ikiwa imezimwa, mwingine atazame mkono wa pampu. Ule mkono lazima uguse skrubu ya mwisho. Kebo iliyolegea, au zulia nene chini ya pedeli, linakula robo ya safari ya mkono huo na hakuna fundi anayefikiria kuangalia. Watu wameshusha pampu kwa sababu ya zulia.

---

pampu_na_nozo

Mkuu, hakuna aliye sahihi mpaka sasa kwa sababu hakuna aliyepima. Ila dalili zako zinaongea vizuri sana, tuzisome.

Anza na moshi. Dizeli isiyo na nguvu na inatoa moshi mweusi imekosa hewa, maana yake wese ni jingi kuliko hewa ya kuliunguza: turbo haisukumi, intakula imepasuka, filta ya hewa imeziba, valvu ya EGR (inayorudisha moshi wa ekzosi kwenye injini) imekwama wazi. Moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi na kuchoma macho ni taimingi ya kupuliza wese iliyochelewa, nozo inayomwaga badala ya kupuliza, au silinda yenye kompresheni ndogo. Bluu ni oili. Dizeli isiyo na nguvu na isiyo na moshi wowote imekosa wese. Turbo ikifa kabisa kwenye injini inayopata wese kamili, utaona wingu jeusi nyuma yako. Wewe huna. Kwa hiyo turbo naiweka pembeni kwa sasa, ingawa ile kofia ya duara juu ya pampu nitairudia, au mwenzangu ataieleza.

Pili, pampu ya aina hii kwenye magari mengi haina msaidizi tankini. Ndani yake kuna pampu ndogo ya mabapa ambayo inavuta dizeli yenyewe kutoka tanki, kupitia filta. Hiyo hiyo inajenga presha ndani ya mwili wa pampu, na presha hiyo ndiyo inayosukuma pistoni ya kuwahisha taimingi kadiri mizunguko inavyopanda. Ikivuta hewa au ikivuta kwa shida, unapata hasara mbili kwa pamoja: wese linapungua na taimingi inachelewa. Ndiyo maana gari linakuwa zuri chini na linakufa juu ya mizunguko 2,500. Pampu nzima kabisa inaonekana mbovu, inashushwa, inafunguliwa, inarudishwa, na gari liko vile vile.

Tatu, tanki likijaa ni afadhali. Wengi watakwambia ni uzito wa dizeli unasaidia kusukuma. Piga hesabu: sentimita 30 zaidi za dizeli ni kama bar 0.025 tu. Hiyo haibadilishi kitu unachoweza kukihisi kwenye pedeli. Sababu yenye mashiko zaidi ni kwamba kuna mahali kwenye paipu ya kunyonyea ndani ya tanki pana ufa au tundu la kutu. Tanki likijaa, ufa uko chini ya dizeli na unanyonya dizeli. Likiwa robo, ufa uko juu na unanyonya hewa. Na ule mtetemo mfupi asubuhi unakubaliana na hilo: usiku dizeli iliyoko kwenye paipu inarudi tankini, lakini kichwa cha filta chenye pampu ya mkono kina valvu za njia moja zinazozuia upande wa injini usimwagike. Injini inawaka kwa dizeli iliyobaki kwenye filta, halafu ile hewa inafika.

Hayo ni maelezo, hayajawa ushahidi. Ushahidi unapatikana hivi.

*Mpira unaoonyesha ndani.* Badilisha mpira kati ya filta na pampu kwa mpira mwangavu unaostahimili dizeli, kipenyo cha ndani kile kile (mara nyingi milimita 8), klipu mpya pande zote mbili. Toa hewa kwa pampu ya mkono mpaka ikaze. Washa. Vijipovu vichache mwanzoni si tatizo, vitaisha. Baada ya hapo mpira uwe safi. Kisha endesha mlimani tanki likiwa robo, simama pembeni huku injini inanguruma, fungua boneti haraka utazame. Mkondo wa povu maana yake hewa inaingia kabla ya pampu. Dizeli haivuji nje kwa sababu upande huo unanyonya, hausukumi, kwa hiyo usitafute unyevu ukafikiri pakavu ni pazima.

*Geji ya vakyumu.* Weka kiungo cha njia tatu kati ya filta na pampu, unganisha geji, urefushe mpira wake uisome ukiwa ndani ya gari. Kwenye sailensa (injini ikizunguka bila kukanyagwa) geji iwe karibu na sifuri. Kwa mizunguko 3,500 ukiwa umekanyaga na mzigo, mimi napenda isizidi bar 0.2. Ikipita 0.3 kuna kizuizi: chujio la tankini, paipu iliyobonyea chini ya chasisi, mpira uliooza ukajikunja kwa ndani, filta mpya ya ubora hafifu. Angalia pia upumuaji wa tanki: fungua mfuniko baada ya safari, ukisikia tanki linavuta pumzi kwa nguvu, tundu lake limeziba.

Soma mpira na geji kwa pamoja. Vakyumu kubwa bila povu ni kizuizi. Povu na vakyumu ndogo ni hewa inayoingia. Ukipata vyote viwili, kuna kizuizi, na kwa sababu ya mvuto ule mkali hewa inajipenyeza mahali palipolegea kati ya kizuizi na pampu.

*Kidumu.* Hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko yote. Chukua kidumu safi cha lita 5 hadi 10, kifunge imara pembeni ya injini mbali na ekzosi na feni, kimo chake kisiwe chini ya pampu. Chomoa mpira unaotoka tanki pale unapoingia kwenye filta, uzibe, kisha unganisha mpira wa kidumu hapo hapo. Usiiruke filta, pampu hizi hazisamehi uchafu. Chomoa pia marejesho ya dizeli na uyaelekeze kwenye kidumu. Usipofanya hivyo, dizeli ya kidumu itahamia tankini na utazimikia njiani. Toa hewa, nenda mlima ule ule. Nguvu ikirudi, pampu yako ni nzima na ubovu uko nyuma ya pale ulipounganisha. Isiporudi, kuanzia tanki hadi mpira unaoingia kwenye filta kumeondoka kwenye orodha ya washukiwa.

Mambo mawili madogo kwenye pampu yenyewe, usiache. Boliti ya kuingilia dizeli kwenye pampu nyingi ina kichujio kidogo cha wavu ndani yake, na hukusanya vipande vya mipira iliyooza. Na boliti ya marejesho, ile iliyoandikwa OUT, ina tundu dogo sana, kama nusu milimita. Tundu hilo ndilo linaloshikilia presha ya ndani ya pampu. Kwa nje boliti hizi mbili zinafanana, na fundi akizibadilishana, unapata gari ambalo haliwi sawa hata uliombee.

---

Upepo_Mzito

Naongeza upande wa hewa, maana hiyo kofia juu ya pampu ndiyo siri ya magari mengi ya "turbo mpya lakini bado zito".

Pampu haijui kama turbo inasukuma. Inajulishwa na ule mpira mwembamba. Presha ya manifoldi inaingia juu ya diaframu, diaframu inashuka dhidi ya springi, inashusha pini iliyochongwa kama koni, na pini hiyo inaruhusu pampu kutoa wese zaidi. Presha isipofika, pampu inaamini injini haina turbo na inatoa wese la injini isiyo na turbo. Matokeo: hakuna nguvu, na hakuna moshi mweusi. Dalili ile ile aliyoeleza mkuu hapo juu, chanzo tofauti kabisa.

Pima hivi. Tafuta geji ya presha inayosoma mpaka bar 1.5 au 2. Kwanza iunganishe kwenye manifoldi, endesha gia ya tatu, pedeli chini, kutoka mizunguko 1,500 hadi 3,500 mlimani. Turbo za injini ndogo za zama hizo nyingi hukaa kati ya bar 0.5 na 0.8, thamani kamili iko kwenye kitabu cha injini yako. Halafu hamishia geji kwenye ncha ya ule mpira mwembamba, pale unapoingia kwenye kofia, rudia mlima. Namba mbili zilingane na zipande kwa pamoja. Zisipolingana, angalia *namna* sindano inavyopanda:

Isiponyanyuka kabisa, mpira umepasuka au umechomoka. Mara nyingi ufa uko kwenye sentimita mbili za mwisho, chini ya klipu, huwezi kuuona bila kuukunja.

Ikipanda polepole kama inavutwa, kuna kizibo. Mpira huo hufungwa kwenye manifoldi kwa boliti yenye tundu katikati, na mchanganyiko wa masizi na mvuke wa oili huliziba tundu mpaka libaki kama la sindano ya kushonea. Ifungue, isafishe kwa waya na kisafisha kabureta, rudisha ukitumia washa (pete) mpya za shaba pande zote mbili.

Presha ikifika vizuri na gari bado zito, pima diaframu. Tumia pampu ya mkono yenye geji, sukuma bar 0.5 kwenye kofia injini ikiwa imezimwa, subiri nusu dakika. Ikishuka, diaframu imetoboka. Usifungue kofia kabla hujaweka alama ya mkwaruzo kwenye diaframu na kwenye mwili wa pampu, kwa sababu pini ile haikuchongwa sawa pande zote. Ukiigeuza, unabadilisha kipimo cha wese bila kujua.

Kama presha ya manifoldi yenyewe ni ndogo, hapo ndipo unageukia mabomba na turbo. Mabomba kwanza: tengeneza kizibo chenye valvu ya tairi kwenye mdomo wa kuingilia turbo, ingiza hewa bar 0.5 kutoka kwenye kompresa yenye kidhibiti, paka maji ya sabuni kila kiungo na kona za intakula. Fungua mfuniko wa oili kwanza, sehemu ya hewa itapita kwenye valvu zilizo wazi na pistoni ikaenda kwenye krenki, usiache presha ijengeke huko. Kwenye turbo, mhimili ukicheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, uko juu ya filamu ya oili. Ukicheza mbele na nyuma kiasi cha kuusikia kwa kidole, au mapanga yakiwa yamekwaruza nyumba yake, turbo imechoka. Mwisho westigeti (valvu inayopunguza presha ya turbo): kiwiko chake kikiwa kimekwama wazi kwa kutu, turbo nzima haitajenga kitu.

Na tafadhali, injini ikiwa inawaka usiweke mkono kwenye mdomo wa turbo "kusikia mvuto".

---

kokoto_barabarani

Mbona mnazunguka sana. Nyuma ya pampu kuna skrubu ya kuongeza wese, ina nati ya kufungia. Izungushe robo kuelekea ndani, gari litaruka. Nusu saa kazi imeisha.

---

pampu_na_nozo

Litaruka siku hiyo, ndiyo. Skrubu ile inaongeza wese kwa mizunguko yote, hata pale turbo haijaamka. Ukiizungusha kwenye gari ambalo lina kasoro ya hewa au presha, unafunika ugonjwa. Siku mtu akija kubadilisha mpira uliopasuka, ile kofia inaanza kufanya kazi, na wese la kofia linajumlishwa na wese uliloongeza. Moshi mweusi mzito, joto la ekzosi linapanda kupita kiasi, na injini za chemba ya awali (wese hupulizwa kwanza kwenye chumba kidogo kichwani) zenye kichwa cha alumini hazina uvumilivu wa joto hilo: nyufa kati ya valvu, gasketi, pistoni kuyeyuka ukingoni. Sailensa pia inapanda, watu wanaishusha kwa skrubu nyingine, na baada ya hapo hakuna anayejua pampu ilitoka kiwandani ikiwaje. Ile lakiri juu ya skrubu haikuwekwa kama pambo. Marekebisho hayo yanafanywa mezani, kwenye mashine ya kupimia pampu, au kwa geji ya joto la ekzosi na mtu anayejua anachosoma.

---

reli_moja

Samahani kuingilia, yangu ni ya 2003 yenye reli moja ya presha na kompyuta. Vipimo hivi vinanihusu?

---

pampu_na_nozo

Kanuni ya moshi na breki na mabomba ya hewa, ndiyo. Mengine kwa tahadhari. Usilegeze nati ya paipu ya nozo injini ikiwaka, kamwe. Kwenye pampu za zamani tunafanya hivyo kutafuta silinda mbovu, tena kwa miwani na kitambaa, lakini kwenye reli presha hupita bar 1,000 na inatoboa ngozi.

Kwako anza na mashine ya kusoma: misimbo iliyohifadhiwa, kisha data hai ukiwa umekanyaga. Linganisha presha ya reli inayotakiwa na inayopatikana. Ikishuka chini ya inayotakiwa mlimani, washukiwa ni filta, valvu ya kudhibiti mvuto kwenye pampu, na nozo zinazovujisha sana kwenye marejesho. Hilo la mwisho linapimwa kwa vichupa vinne vinavyolingana, kimoja kwa kila nozo: nozo inayojaza kichupa mara mbili au tatu ya wenzake imejitaja yenyewe. Linganisha pia hewa inayopimwa na sensa na ile inayotarajiwa. Na turbo ya mapanga yanayojigeuza hukwama kwa masizi, kompyuta ikakata nguvu mpaka uzime na kuwasha tena. Fungua uzi wako uweke namba, tutazisoma.

---

kilima_kigumu

Nimefanya mlivyosema. Breki na klachi safi, mkono wa pampu unagusa skrubu.

Mpira mwangavu: tanki robo, mlimani, povu linakuja mfululizo. Tanki likiwa limejaa, hakuna povu. Vakyumu kwa mizunguko 3,500 ni kama bar 0.15.

Kidumu: povu limeisha kabisa. Gia ya tatu sasa haififii na mlima mrefu haulimalizi. Lakini bado hakuna ule msukumo wa turbo, na moshi mweusi bado hakuna.

Presha: manifoldi bar 0.6. Kwenye kofia ya pampu sindano inapanda polepole, mpaka namaliza gia haijafika 0.2.

---

Upepo_Mzito

Hiyo ya polepole ni boliti yenye tundu, au mpira uliojaa masizi kwa ndani. Turbo yako inafanya kazi, mwambie fundi wa kwanza aiache.

---

pampu_na_nozo

Safi sana, namba zimejieleza. Una kasoro mbili zinazojitegemea, ndiyo maana kila fundi aliona nusu yake.

Ya kwanza ni hewa. Vakyumu 0.15 inasema chujio la tankini halijaziba. Povu linaloisha tanki likijaa linaelekeza kwenye paipu ya kunyonyea, au mpira mfupi juu ya tanki. Kabla hujashusha tanki, hamishia kipande cha mpira mwangavu pale paipu inapotoka tankini. Povu likionekana hapo, ubovu uko ndani. Lisipoonekana hapo lakini likaonekana kwenye filta, paipu ya chini ya chasisi imetoboka kwa kutu, hasa chini ya vishikizo vyake ambako maji na matope hukaa. Magari mengi yana mfuniko wa kufikia geji ya tanki chini ya kiti cha nyuma au zulia la buti, huenda usihitaji kushusha tanki. Ukiitoa ile paipu, iinamishe kwenye dizeli ndani ya beseni, ziba ncha moja, pulizia nyingine kwa pumzi tu. Tundu litajionyesha. Usiichomee wala kuwasha kitu chochote cha moto karibu na tanki. Paipu yenye ufa ibadilishwe, viraka vya gundi havidumu ndani ya dizeli. Ukiwa hapo, tazama chini ya tanki kama kuna maji au tope jeusi, likiwepo lisafishwe lote na filta ibadilishwe tena baada ya kilomita mia chache, maana uchafu uliokuwa umetulia utakuwa umetikiswa.

Ya pili ni ile boliti na mpira wake. Badilisha mpira wote, ni mfupi, usikate kipande.

Tengeneza hewa ya dizeli kwanza, pima, kisha ya turbo, pima tena. Ukifanya zote siku moja na gari likabaki na kasoro ndogo, hutajua ipi haikukaa. Kofia ikianza kupata bar 0.6 utaona moshi mweusi kidogo unapokanyaga ghafla kabla turbo haijaamka, unaisha mara moja. Huo ni wa kawaida kwa pampu ya mekaniki. Ukiendelea kuonekana muda wote umekanyaga, simama: kuna mtu aliwahi kugusa ile skrubu.

Ikiwa baada ya yote hayo mpira hauna povu, presha ya kofia inalingana na manifoldi na bado ni zito kidogo, kilichobaki kabla ya nozo na kompresheni ni taimingi ya pampu. Alama za mkanda kulingana haitoshi, kwa sababu pampu yenyewe inazunguka kwenye matundu marefu ya boliti zake, na fundi aliyebadilisha mkanda anaweza kuwa ameisogeza. Inapimwa kwa geji ya saa: unafungua boliti ya katikati kati ya paipu nne, unafunga geji yenye adapta, unarudisha krenki nyuma mpaka sindano isimame chini kabisa, unaweka sifuri. Tikisa krenki kidogo huku na huku kuhakikisha sindano haiondoki kwenye sifuri. Kisha zungusha mbele mpaka alama iliyotajwa kwenye kitabu cha injini hiyo, na usome milimita. Tofauti ya sehemu chache za mia za milimita inatosha kulifanya gari liwe kimya na legevu, au liwe na ngurumo kali ya kugonga. Namba ya kitabu ifuatwe ya modeli hiyo hiyo, usichukue ya injini ndugu hata kama pampu zinafanana.